Dawa ya upara itaniondolea misuli?

Swali: Nina miaka 29 na napiga chuma mwaka wa nne sasa. Nywele za mbele zimeanza kurudi nyuma, daktari wa ngozi akaniandikia finasteridi, miligramu 1 kwa siku. Wenzangu wa jimu wanasema dawa hiyo inaua homoni za kiume, kwamba nitanywea. Ni kweli?

Jibu: Si kweli, ingawa naelewa wasiwasi wao unatoka wapi. Sehemu ya testosteroni, homoni kuu ya kiume, hugeuzwa mwilini na kimeng'enya fulani kuwa homoni kali zaidi, inayofupishwa DHT. Kwa mwenye upara wa kurithi, DHT ndiyo inayonyausha mashina ya nywele za utosini. Ndiyo pia inayokuza tezi dume uzeeni. Finasteridi hukizuia kimeng'enya hicho, na DHT kwenye damu hushuka kwa kama theluthi mbili. Testosteroni yenyewe haishuki. Mara nyingi hupanda kidogo. Na misuli huitumia hiyohiyo testosteroni, bila kungoja igeuzwe.

Swali: Hilo limethibitishwa kwa watu?

Jibu: Limethibitishwa, tena ushahidi ninaoupenda mimi ulitoka kijijini. Mwaka 1974 daktari Julianne Imperato-McGinley na wenzake walichapisha habari za watoto kadhaa wa kiume wa Salinas, Jamhuri ya Dominika. Walizaliwa wakidhaniwa ni wasichana na wengi wakalelewa hivyo. Walipobalehe, sauti ikawa nzito, vifua vikajaa misuli. Walikosa kimeng'enya hicho tangu tumboni. Utu uzimani walikuwa na misuli kama wanaume wengine, tezi dume ndogo, na hawakupata upara. Watengeneza dawa walipoona hivyo wakajua pa kulenga.

Kisha mwaka 2012 ukatoka utafiti wa Marekani: wanaume walidungwa testosteroni kwa vipimo tofauti kwa wiki 20, baadhi wakipewa pia dutasteridi, ambayo huishusha DHT kuliko finasteridi. Ongezeko la misuli halikutofautiana na la wasiopewa.

Swali: Mbona iliwahi kupigwa marufuku michezoni?

Jibu: Kuanzia 2005 hadi 2008, kwa hofu kwamba inaficha dalili za steroidi, dawa za kujaza misuli, kwenye mkojo. Ilimnasa hata Romário, mshambuliaji wa Brazil, aliyekuwa akitibu nywele zake tu.

Swali: Basi nichunge nini?

Jibu: Wachache hupungukiwa hamu ya tendo la ndoa au nguvu za kiume, matiti huuma au kuvimba, wengine huingiwa na huzuni nzito. Ukiona hayo usikae kimya kwa aibu. Rudi kwa daktari. Mke akiwa mjamzito asishike kidonge kilichovunjika, kinaweza kumdhuru mtoto wa kiume tumboni. Na siku ukipimwa damu kwa ajili ya saratani ya tezi dume, taja kwamba unaitumia, maana kipimo cha PSA husomeka karibu nusu ya kilivyo.

Swali: Rafiki yangu anajidunga nandroloni, steroidi ya kujaza misuli. Naye aimeze ili aokoe nywele?

Jibu: Asithubutu. Kimeng'enya kilekile, kikikutana na nandroloni, huigeuza kuwa kitu dhaifu zaidi. Akikizuia, nandroloni itafika kichwani na makali yake yote, na upara utamwahi.