Idadi ya vifo kwenye bango la barabarani haipunguzi ajali

Kila inapotafutwa namna ya kupambana na ajali, wazo moja huwa halikosi mezani: tuweke bango kubwa la taa, tuandike idadi ya waliokufa mwaka huu, madereva wataogopa na kupunguza mwendo. Naelewa kwa nini linapendwa. Ni rahisi kulitekeleza, linaonekana na watu wote, na anayelitoa ana uchungu wa kweli na roho zinazopotea. Lakini mimi kazi yangu ni usalama barabarani, na kila nikiulizwa nasema hapana, kwa sababu ushahidi bora tulio nao unaonyesha kwamba bango la namna hiyo linaongeza ajali.

Ushahidi huo unatoka Texas, Marekani. Kuanzia Agosti 2012, idara ya usafiri ya jimbo hilo ilikuwa ikionyesha jumla ya vifo vya mwaka kwenye mabango yake ya kielektroniki, yapatayo 880, kwa wiki moja tu kila mwezi: wiki inayotangulia kikao cha tume ya usafiri ya jimbo. Ratiba hiyo ya kiofisi ikawapa watafiti nafasi adimu. Jonathan Hall, wakati huo akiwa Chuo Kikuu cha Toronto, na Joshua Madsen wa Chuo Kikuu cha Minnesota walichukua kumbukumbu za ajali za 2010 hadi 2017 wakalinganisha kipande kilekile cha barabara, kwa saa zilezile, katika wiki yenye idadi ya vifo na wiki zisizo nayo. Matokeo yao yalitoka kwenye jarida la Science Aprili 2022. Katika kilomita 10 baada ya bango, ajali ziliongezeka kwa asilimia 4.5. Walikadiria kuwa kwa Texas peke yake hizo ni ajali 2,600 za ziada kila mwaka, na vifo 16.

Asilimia hiyo ni nzito, ila kilichonimalizia ubishi ni kitu kingine. Idadi inayoonyeshwa hukua kadiri mwaka unavyosonga, na madhara nayo hukua. Januari bango huonyesha jumla ya mwaka mzima uliopita, namba kubwa kuliko zote. Februari hesabu inaanza upya na namba ni ndogo. Hapo hapo, kati ya Januari na Februari, madhara yanashuka ghafla. Kama tatizo lingekuwa mwanga wa bango tu, ukubwa wa namba usingebadilisha kitu. Na ajali zilizoongezeka ni za magari zaidi ya moja, hasa kwenye vipande vya barabara vilivyo vigumu kuendesha. Hizo ndizo ajali za dereva ambaye mawazo yake yameondoka kidogo: amehama njia yake bila kujua, au amechelewa kuona breki za gari la mbele.

Watu husahau dereva ana muda mdogo kiasi gani. Chukua bango la barabara kuu lenye herufi za kimo cha sentimita 45, linalosomeka mchana kutoka mita 240 hivi. Gari lililo kwenye kilomita 110 kwa saa linakwenda mita 30 kila sekunde. Kwa hiyo una sekunde 8, na ndani yake bado unaangalia vioo, gari la mbele, na lori linaloweza kuliziba bango lenyewe. Mwongozo wa kawaida wa fani yetu ni sekunde 2 kwa kila mstari. Mistari mitatu inakula sekunde 6. Ukiongeza ukurasa wa pili, yaani maandishi mengine yanayopokezana na ya kwanza, wenye mistari mitatu unahitaji 12, muda ambao dereva hana. Atafanya moja kati ya mawili: ataachia mafuta ili asome, na nyuma yake foleni ianze, au atasoma nusu na kuendelea kuumiza kichwa na nusu iliyobaki.

Ndiyo maana ujumbe mzuri ni ule unaomwambia dereva kuna nini mbele yake na afanye nini. AJALI, KM 2 MBELE, HAMIA KUSHOTO. Hauhitaji kutafakari, na baada ya dakika moja dereva anaiona ajali kwa macho yake, hivyo kesho ataliamini bango tena. Imani hiyo ni mali, nayo hupotea upesi bango likiachwa linatangaza matengenezo yaliyokwisha wiki iliyopita. Hata hivyo tusiyadai mabango mambo makubwa. Utafiti uliofanyika London ulikuta kwamba ni kama theluthi moja tu ya madereva ndio walioona ujumbe waliopitia, na waliobadilisha njia walikuwa wachache mno kuliko waliodai kwamba wangefanya hivyo.

Bango ninalolitetea kwa nguvu ni dogo zaidi ya hayo yote. Linabaki jeusi mpaka litokee gari linalozidi mwendo, ndipo linawaka na kumwonyesha kikomo, au kona iliyo mbele. Uingereza iliyapima kwa wingi, na ripoti ya maabara yake ya utafiti wa usafiri, TRL, ya 2002 ilionyesha mwendo kushuka na ajali kupungua kwa takriban theluthi moja, wala madereva hawakuonekana kuyazoea na kuyapuuza baada ya miaka mitatu. Anayewashiwa anajua ni yeye ndiye anayeambiwa.

Fikiria sasa vijiji vilivyopasuliwa na barabara kuu zetu, ambako kikomo ni 50 na kibao chake cha bati kimepauka, watoto wanavuka kwenda shule, na basi linashuka kwa 90. Fedha ya bango moja kubwa la juu ya barabara, pamoja na nguzo zake, inaweza kununua mabango mengi madogo ya sola. Ningeanzia hapo, mita mia moja au mia mbili kabla ya kivuko, ili dereva awe na nafasi ya kupunguza taratibu bila kukanyaga breki kwa ghafla. Yasiwekwe karibu na makutano wala mahali magari yanapoingia barabarani, maana huko macho ya dereva yana kazi ya kutosha tayari. Na anayekwenda kwa mwendo halali apite bila kuonyeshwa chochote.