Gavana kashinda kwa kishindo kwao, basi ndo rais ajaye wa Marekani? Tulieni kwanza

Dhana: Gavana wa Marekani ni kama mkuu wa mkoa wa kwetu tu.
Wapi! Mkuu wa mkoa Tanzania anateuliwa na rais na anaweza kutenguliwa usiku, asubuhi mnasoma taarifa. Gavana kule kapigiwa kura na watu wa jimbo lake, rais hana ubavu wa kumtumbua hata wakichukiana vipi, anasaini sheria au anaipiga veto, yaani anaikataa, anahangaika na bajeti. Ndo maana vyama vinawapenda, mtu keshaendesha serikali.

Dhana: Akishinda sana nyumbani, taifa liko mfukoni.
Hii ndo inawaponza wengi. Ron DeSantis wa chama cha Republican 2018 aliupata ugavana wa Florida kwa tofauti ya kura kama elfu 32 tu, 2022 akarudi akashinda kwa tofauti ya kama asilimia 19, watu wakasema huyu ndo mrithi wa Trump kwisha habari. Mei 2023 akatangaza nia ya urais kwenye Twitter, mitambo ikagoma, sauti inakata kata, aibu. Bado jamaa hakulala, akazunguka kaunti zote 99 za Iowa, jimbo lililofungua mchujo wa kumpata mgombea wa chama, halafu Januari 2024 kwenye mchujo huo Trump akambwaga, asilimia 51 kwa 21, siku sita baadaye akajitoa. Wapiga kura wa Iowa hawajawahi kutawaliwa na yeye, barabara zake Florida zinawahusu nini?

Dhana: Lazima atoke jimbo kubwa.
Bill Clinton katoka Arkansas, kajimbo ka kura 6 tu za wajumbe wanaomchagua rais. Jimmy Carter, aliyekuwa gavana wa Georgia, nje ya kwao hata hakujulikana, na Iowa 1976 waliosema "bado hatujaamua" walimzidi lakini magazeti yakamtangaza yeye, akapata upepo mpaka Ikulu. Jerry Brown, gavana wa California yenyewe, jimbo kubwa, kajaribu urais mara tatu, kote patupu.

Dhana: Akianguka mara moja ndo basi.
Clinton huyohuyo alipigwa chini ugavana 1980, akarudi 1982. Reagan, naye aliyepitia ugavana wa California, alikosa tiketi ya chama 1968 na 1976 ndo akaja kushinda 1980.

Dhana: Gavana yeyote anaruhusiwa.
Schwarzenegger, yule mwigizaji aliyekuwa gavana wa California, kazaliwa Austria, na katiba inataka rais awe raia wa kuzaliwa. Imeisha hiyo.

Dhana: Ugavana ndo njia ya mkato ya Ikulu.
Ilikuwa. Toka 1976 mpaka 2004 ni 1988 peke yake ambapo hakushinda mtu aliyewahi kuwa gavana, ila baada ya Bush wa Texas hajapita mwingine, Mitt Romney, aliyekuwa gavana wa Massachusetts, alifika fainali 2012 akalala kwa Obama. Kwa maoni yangu siku hizi jina la kwenye TV na simu linawahi kuliko rekodi ya kazi, ndo maana ukitaka kujua nani ana nia usiangalie kura za kwao, angalia anasafiri wapi. Julai 2025 Gavana Gavin Newsom wa California alikuwa South Carolina anazunguka kaunti za mashambani huko, na South Carolina ni kati ya majimbo ya mwanzo kwenye mchujo, we unadhani alifuata nini?