Kuskani orodha teule ya kompyuta kwa skripti: maana yake

Kuskani kompyuta iliyo kwenye mtandao ni kuibishia hodi. Unatuma ujumbe mdogo kwenye anwani yake, unasubiri kuona kama kuna anayeitika, na akiitika unajua ni huduma gani inayoishi nyuma ya mlango ule. Milango hiyo mafundi huiita poti. Kwa TCP, njia kuu ya kompyuta kuzungumza mtandaoni, peke yake ziko 65,535, lakini zinazogongwa kila siku ni chache: 22 ya SSH (kuingia kwenye kompyuta ya mbali na kuipa amri), 443 ya tovuti, 445 ya kugawana mafaili kwenye Windows, 3389 ya kuendesha kompyuta ukiwa mbali. Skripti nayo ni faili la amri zinazofuatana, ambazo kompyuta huzitekeleza yenyewe hadi mwisho.

Kazi yenyewe, kwa maoni yangu, iko kwenye neno "teule". Mtandao mdogo wa ofisi huwa na nafasi za anwani 254, na anayeanza hushawishika kuzigonga zote kwa mkupuo. Nami nilianza hivyo. Skripti yangu ya kwanza iliingia kila poti iliyoikuta wazi na kutuma mstari wa maandishi ili isikie jibu. Haukupita muda, printa ya uhasibu ikaanza kutema karatasi moja baada ya nyingine, juu pameandikwa "GET / HTTP/1.0", ule mstari wa skripti yangu, chini nyeupe tupu. Printa nyingi husikiliza poti 9100, na chochote kiingiacho hapo huchapwa tu. Tangu siku hiyo sigongi anwani ambayo sijaiandika kwanza.

Orodha huandikwa kwenye faili la kawaida, anwani moja kila mstari. Skripti ya Linux ya kuisoma ni fupi:

while read -r k; do
  ping -c 1 -W 1 "$k" > /dev/null && echo "$k ipo" || echo "$k kimya"
done < orodha.txt

Yaani: soma mstari, gonga mara moja (ping ndiyo amri ya kugonga), subiri sekunde moja, andika jibu, nenda mstari unaofuata. Ukiandika orodha kwa Notepad ya Windows kisha ukaileta Linux, kila mstari unaweza kubeba alama isiyoonekana mwishoni, na kompyuta zote zikaonekana kimya ilhali zinawaka. Angalia hilo kabla hujaanza kuvuta nyaya.

Na "kimya" si lazima iwe imezimwa. Faiwoli ya Windows, yaani mlinzi wake wa mlangoni, mara nyingi huzuia ping, kwa hiyo mashine inafanya kazi vizuri ila haiitiki. Hapo ndipo inapofaa Nmap, programu aliyoitoa Gordon Lyon mwaka 1997:

nmap -Pn -p 445 -iL orodha.txt

Herufi -iL huiambia Nmap isome orodha yako, -Pn isijali ukimya wa ping, na -p 445 igonge mlango huo tu.

Kwa nini 445? Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilienea duniani kwa kupitia mlango huo, wakati Microsoft ilikuwa imeshatoa kiraka, yaani sasisho la kuziba tundu hilo, tangu Machi. Fundi mwenye orodha safi ya kompyuta zake aliweza kujua asubuhi ile ile zipi ziko wazi na akimbilie ipi kwanza. Asiye na orodha alizunguka chumba kwa chumba.

Orodha iwe ya mashine zako, au za mwenye kukupa ruhusa, ikiwezekana kwa maandishi. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, Kenya ina yake ya 2018, na kujieleza baadaye kwamba ulikuwa unajifunza ni kazi ngumu. Anayejifunza ameshawekewa mahali: scanme.nmap.org, seva ambayo watu wa Nmap wanaruhusu igongwe, mara chache kwa siku. Iandike iwe mstari wa kwanza wa orodha.txt yako.