Mgeni wa velodromu huogopa visivyo: dhana potofu na ukweli kuhusu baiskeli za uwanjani

Anayeitazama velodromu, yaani uwanja wa mbio za baiskeli, kwa mara ya kwanza huona mambo mawili: kona zilizoinuka kama paa la nyumba, na baiskeli zisizo na breki. Akishayaona hayo huhitimisha kwamba mchezo huu si wake. Ajabu ni kwamba hayo mawili ni nadra sana kumwangusha mtu. Yanayowaangusha wanaoanza ni madogo: kusahau kukanyaga pedeli, kupanda juu bila kutazama nyuma, kupoa katikati ya kona, nati ambayo hakuna aliyeikagua. Hizi ndizo dhana zinazosikika zaidi klabuni, na majibu yake.

"Bila breki utasimamaje?"

Baiskeli ya uwanjani ina gia moja na haina friwili, kile kifaa kinachoruhusu gurudumu kuzunguka huku pedeli zimetulia. Gurudumu la nyuma likizunguka, pedeli nazo zinazunguka, utake usitake. Kwa hiyo breki ni miguu yako: unapunguza nguvu, kisha unaikinza pedeli kidogo kidogo inapopanda kwa nyuma. Breki ya pili ni mwinamo wenyewe. Ukipanda juu kwenye kona, mwendo unakatika bila kumsumbua yeyote aliye nyuma yako.

Kusimama hupangwa mapema, duru mbili au tatu kabla. Punguza nguvu ukiwa bado unakanyaga. Tazama nyuma kupitia bega la kulia, na pakiwa patupu panda kidogo, acha mwendo upungue. Tazama tena, sasa chini upande wa kushoto, kisha shuka ukiwa kwenye sehemu iliyonyooka, si kwenye kona, hadi ukanda wa bluu ulio chini kabisa. Toka hapo uingie sehemu tambarare ya ndani, kinza pedeli, na ushike reli ya ukingo wa ndani kwa mkono wa kushoto. Miguu isiache kuzunguka mpaka mkono umeshika reli.

Breki zingeongeza hatari, hazingeipunguza. Watu 8 wanaofuatana kwa nafasi ya nusu mita wako salama kwa sababu hakuna hata mmoja anayeweza kupunguza mwendo ghafla. Mpe mmoja wao breki, na wote walio nyuma yake watamvaa.

Kosa lenyewe ni kuacha kukanyaga. Pedeli hazingoji: mguu uliokakamaa unanyanyuliwa, mwili unarushwa kutoka kwenye siti, na usukani unayumba. Hutokea zaidi nyakati tatu: mara tu baada ya kuvuka mstari wa mwisho, pale anapoachia mkono kurekebisha helmeti au miwani, na pale mtu aliye mbele anapopunguza mwendo. Na wanaolifanya si wale wasiojua kitu. Ni waendesha baiskeli wa barabarani, wenye miaka ya mazoea ya kupumzisha miguu. Kwa hili, asiye na mazoea yoyote ana nafuu.

"Kwenye kona utateleza na kuporomoka"

Uwanja wa mashindano makubwa una urefu wa mita 250, na kona zake huinama kwa takriban nyuzi 42 hadi 45. Sehemu zilizonyooka nazo zina mwinamo, ila wa nyuzi 12 hivi. Viwanja vya nje mara nyingi ni virefu zaidi, mita 333.33 au hata 400 na zaidi, na kona zake hazikuinuka kiasi hicho. Kadiri kona inavyopanuka, ndivyo mwinamo unavyohitajika kidogo.

Mwinamo uliwekwa kukusaidia. Kwenye uwanja wa mita 250, ukipita kona kwa kilomita 50 hivi kwa saa, tairi inakandamiza mbao za sakafu ya uwanja wima kabisa, haisukumwi juu wala chini. Chini ya hapo unategemea msuguano wa tairi, na tairi safi kwenye mbao kavu ina msuguano wa kutosha kwa mwendo wa kawaida kabisa. Makocha wengi huwaambia wanaoanza wasishuke chini ya kilomita 28 hadi 30 kwa saa kwenye kona. Kwa saa ya mkononi, hiyo ni duru moja ya mita 250 kwa sekunde 30, mwendo ambao mtu mwenye afya ya wastani anaufikia siku ya kwanza.

Tena kiwango hicho kimeachiwa akiba kubwa. Januari 2017, Mfaransa Robert Marchand aliendesha kwa saa nzima kwenye velodromu ya Saint-Quentin-en-Yvelines na kufikisha kilomita 22.547. Alikuwa na umri wa miaka 105. Hakuteleza, kwa sababu alikwenda kwa mwendo usiobadilika, chini kabisa, kando ya mstari mweusi. Mwenye dhana kwamba mchezo huu ni wa vijana tupu naye amejibiwa hapo hapo.

Anayeteleza kwa kawaida amefanya moja kati ya haya. Ameingia kona akiwa na mwendo, kisha akaogopa na kupoa katikati. Au ametoka nje na matairi yenye vumbi, akaingia uwanjani bila kuyafuta. Au uwanja ni wa nje na umelowa, hasa kwenye mistari iliyopakwa rangi. Kwenye unyevu mazoezi huahirishwa, na hakuna kocha wa maana atakayebishana kuhusu hilo. Mwendo ukipungua mno kuna hatari nyingine pia: pedeli ya kulia, iliyo upande wa juu wa mwinamo, inaweza kugusa mbao na kuinua gurudumu. Ndiyo maana baiskeli hizi hutengenezwa zikiwa na ekseli ya pedeli iliyoinuliwa, na mikono ya pedeli huwa mifupi, mara nyingi milimita 165.

Kupanda kwenyewe ni hatua kwa hatua. Anza kwenye ukanda wa bluu duru kadhaa, kisha ongeza mwendo kwenye sehemu iliyonyooka na uhamie mstari mweusi, ulio sentimita 20 kutoka ukingo wa ndani. Huo ndio mstari unaopimiwa urefu wa uwanja. Ukizoea, panda hadi mstari mwekundu, sentimita 85 kutoka ukingoni, halafu mstari wa bluu ulio juu zaidi. Ongeza nguvu kabla ya kona, si ndani yake: kuingia kona kunafanana na kupanda kilima kifupi, na kutoka kunakusukuma mbele. Tazama mita 15 hadi 20 mbele. Anayetazama gurudumu lake la mbele huchora mstari uliopinda, na aliye nyuma yake hulipia. Wala usijaribu kuilaza au kuisimamisha baiskeli. Iache ifuate mbao.

"Lazima kwanza ununue baiskeli ya bei ghali"

Hapana. Velodromu na klabu nyingi huazima au hukodisha baiskeli kwa wanaoanza, na ni busara kuendesha za kuazima kwa miezi michache kabla ya kufungua pochi, maana hutajua saizi ya fremu inayokufaa mpaka umeinama kwenye usukani kwa saa nzima. Njoo na helmeti, glavu zinazofunika viganja (mbao zinachuna), na nguo zinazobana mwili. Suruali pana na kamba za viatu zinazoning'inia huliwa na cheni. Kama una viatu vya kunasa kwenye pedeli, njoo navyo pamoja na pedeli zake. Baiskeli ya barabarani, yenye breki na friwili, hairuhusiwi kuchanganyika na hizi.

Hata ya kuazima, ikague mwenyewe. Nati za gurudumu la nyuma, ambazo mara nyingi huchukua spana ya milimita 15, ziwe zimekazwa pande zote mbili. Ncha za usukani ziwe na vifuniko, kwani bomba tupu hukata nyama mtu akiangukiwa. Matairi yawe na upepo wa kutosha, kwa kawaida psi 100 hadi 120 kwa tairi za klabu, na yasiwe na mikato. Ondoa pampu, kishikilia chupa na kila kinachoweza kudondoka: chupa moja ikianguka kwenye mwinamo, huviringika hadi miguuni mwa watu.

Cheni inastahili dakika zako tatu. Ikilegea, inaweza kuruka kwenye meno, na kwa kuwa hakuna friwili, gurudumu la nyuma hukwama papo hapo. Ikikazwa mno, inanguruma na kuzimaliza bearingi. Shika katikati ya cheni, isukume juu na chini: icheze kama sentimita 1 hadi 1.5. Zungusha pedeli robo duru, upime tena, mara nne, kwa sababu gurudumu la meno la mbele si duara kamili na huwa lina mahali linapokaza. Tumia kipimo cha mahali hapo palipokaza. Kurekebisha, legeza nati zote mbili, vuta gurudumu nyuma, kaza upande wa cheni kidogo, nyoosha gurudumu katikati ya fremu, kaza upande wa pili, kisha malizia pande zote kwa zamu.

Na hili ni la kushika kuliko yote: usiipanguse cheni kwa kitambaa huku gurudumu linazunguka. Kwenye baiskeli ya kawaida ukinasa kitambaa, pedeli husimama. Hapa gurudumu linaendelea kuivuta cheni, na kidole kilichoingia kati ya cheni na meno hukatika. Simamisha kila kitu, ipanguse kipande kwa kipande.

"Gia kubwa ndiyo kasi"

Gia ya meno 48 mbele na 15 nyuma hukusogeza takriban mita 6.7 kwa kila mzunguko wa pedeli. Ukizungusha mara 90 kwa dakika, uko kilomita 36 kwa saa. Mara 100, kilomita 40. Mara 110, kilomita 44. Inamtosha mtu yeyote anayejifunza. Anayeng'ang'ania 52 kwa 14 anapata mita 7.8 kwa mzunguko, lakini kuondoka kwenye reli kunamtoa jasho, na mwenzake akichomoka ghafla yeye anabaki akisukuma vyuma. Bingwa ana gia kubwa kwa sababu ana miguu ya kuizungusha. Jifunze kwanza kuzungusha haraka bila kurukaruka kwenye siti.

"Wenzio watakugonga"

Kundi la uwanjani lina nidhamu kuliko barabara yoyote. Wote wanakwenda upande mmoja, kinyume cha mshale wa saa, na wanaopita hupita kwa juu, yaani kulia. Anayepita hupaza sauti kumtaka aliye chini abaki kwenye mstari wake. Ukiisikia, usipande, na usigeuke kumtafuta msemaji.

Anza kufuata gurudumu la mwenzio kwa nafasi ya mita moja, kisha punguza hadi nusu mita. Tazama mabega yake, si tairi lake. Gurudumu lako la mbele lisipitane na lake la nyuma, kwa sababu akipanda kidogo tu, wewe ndiye unayeanguka, si yeye. Kubadilishana zamu ya kuongoza kundi hufanyika kwenye kona: wa mbele anatazama kulia, anapanda kwa ghafla kidogo bila kuacha kukanyaga, kundi linapita chini yake, naye anateremka na kukaa nyuma ya wa mwisho. Kosa la kawaida ni kupanda kidogo mno au kuchelewa kushuka. Mtu anajikuta peke yake, mita 10 nyuma, na kuziba pengo hilo kunammaliza.

"Ni kuzunguka tu, mwenye nguvu anashinda"

Angalia mbio za mtoano. Kwenye uwanja wa mita 250, kila baada ya duru mbili wa mwisho anatolewa, na kinachohesabiwa ni gurudumu la nyuma. Wenye nguvu hutolewa mapema kila siku kwa sababu walijificha chini kwenye mstari mweusi, wakafungiwa na waliopita juu yao, wakakosa njia ya kutoka. Aliye dhaifu lakini anayekaa juu kidogo ya mstari mwekundu, nafasi ya nne au ya tano, huendelea kuwepo.

Mbio za pointi zina hesabu yake: kwenye uwanja huo huo, kila duru 10 wanne wa kwanza wanapata pointi 5, 3, 2 na 1, pointi hizo zikiwa mara mbili kwenye mchuano wa mwisho, na anayewazidi wenzake duru nzima anapata 20. Mtu anaweza kushinda bila kuwa wa kwanza hata mara moja.

"Siku ya pili tu utaingizwa mashindanoni"

Hapana. Velodromu nyingi hugawa mafunzo kwa ngazi, na kocha ndiye anayepandisha mtu. Ngazi ya mwanzo ni kuondoka, kuzunguka na kusimama. Kisha kupanda na kushuka kati ya mistari kwa kutazama nyuma, halafu kufuatana na kubadilishana zamu, na mwisho kundi lenye kasi linalojibana. Mwenye kutaka asiishie katikati huhudhuria mara kwa mara, kwa sababu ujuzi wa kutazama bega la kulia huku miguu inazunguka hupotea upesi kuliko nguvu za miguu. Akikwama ngazi moja kwa muda mrefu, kwa kawaida ni ile ya pili: anapanda vizuri, ila bado hatazami.