Kijiji Kilichouawa kwa Kalamu

Mimi hutafuta vijiji vilivyotoweka kaskazini mwa Urusi, na nikivitaja watu huniuliza magofu yako wapi. Hakuna. Izba, nyumba ya mkulima wa huko, ilijengwa kwa magogo yaliyochongwa yakaumana pembeni. Mwenyewe akitaka kuhama aliyatia alama, akaibomoa nyumba, akaisimamisha upya alikokwenda. Nyuma alibakiza tanuri lililoporomoka likawa rundo la matofali na udongo, na shimo la viazi lililokuwa chini ya sakafu.

Ndiyo maana mimi husoma mimea kabla ya kusoma karatasi. Majani ya kuwasha yakisongamana mahali pamoja, hapo palikuwa na zizi, maana udongo ulioshiba samadi hausahau upesi. Mtufaha peke yake porini ni alama kwamba hapo palikuwa na ua wa nyumba ya mtu.

Karatasi nazo zipo, tena nyingi. Kati ya 1719 na 1858 walipa kodi walihesabiwa mara 10, kaya kwa kaya. Ubatizo na mazishi utayakuta katika vitabu vya kanisa, ila kijiji kisicho na kanisa (derevnya) kiliandikiwa mambo yake kwenye selo, kijiji jirani chenye kanisa. Wageni wa kazi hii hupotea hapo.

Nani aliviua vijiji hivi? Ujamaa wa mashamba wa miaka ya 1930 ulivijeruhi, na Vita Vikuu vya Pili vya Dunia vikameza wanaume. Lakini pigo ninalolihesabu kuwa baya zaidi lilitoka ofisini. Miaka ya 1960 na 1970 wapangaji waligawa vijiji mafungu mawili: vyenye mustakabali na visivyo nao. Kilichoangukia fungu la pili hakikuruhusiwa kujenga. Shule ikafungwa, duka likafuata, basi likaacha kupita. Hakuna aliyefukuzwa kwa bunduki, lakini mama mwenye watoto wa shule angebaki afanye nini? Vijana walikuwa wametangulia kitambo. Hadi 1974 wakulima wengi wa kolkhozi, yaani mashamba ya ujamaa, hawakuwa hata na haki ya pasipoti ya ndani, hati iliyohitajika kuhamia mjini. Jeshi lilikuwa njia ya kutokea, kwa hiyo kijana aliyeitwa jeshini mara nyingi hakurudi.

Katika Urusi nzima, sensa ya 1959 ilikuta makazi ya vijijini yapatayo 294,000. Ya 1979 ikakuta 177,000. Si yote yaliyokufa, mengine yaliunganishwa tu. Mwaka 2010 zaidi ya 19,000 yalikuwa bado kwenye orodha bila mkazi hata mmoja.

Makaburi hayakuhamishwa. Jumamosi ya kuamkia sikukuu ya Utatu wajukuu hurudi na chakula kuwakumbuka wafu wao. Ndiyo maana nikifika mahali papya huanza kwa kutafuta kijia kilichofyekwa kuelekea makaburini.