Mbona hapai kama yule wa kwenye TV? Tunayoyaamini kuhusu mazingaombwe na ukweli wake

Kazi yangu ni mitambo, yani spika, mixa, maiki, na jenereta umeme ukikata. Nazunguka Dodoma hii kwenye send-off, kipaimara, mahafali, bethidei za watoto huko Kisasa na Area D, na siku hizi kamati nyingi zinamwita mtu wa mazingaombwe achangamshe watu wakati chakula kinasubiriwa. Mimi nakaa pembeni na mixa yangu kwahiyo msanii namuona ubavuni, na sura za wanaomwangalia naziona zote, na ninachokiona ni kwamba watu wanakuja na TV kichwani. Wameshaangalia klipu kibao, mtu anapita kwenye ukuta, mtu anapaa juu ya barabara, sasa wakimkuta kijana wa watu kasimama na leso na karata chini ya turubai wanaanza kununa. Haya yafuatayo nayasikia karibu kila sherehe.

Dhana: ya kwenye TV yote ni kuediti, kompyuta tu

Hii ina ukweli nusu ndo maana haifi. Mmarekani mmoja, Mark Wilson, alipoanza kipindi chake cha mazingaombwe kwenye televisheni ya CBS mwaka 1960 alijua kabisa watu watasema hivyohivyo, akajiwekea masharti: watazamaji halisi wakae palepale studio, na kamera isikate wala kuhamia kwingine wakati mchezo unaendelea. Wengi waliokuja baada yake wamefata hayohayo. Kile kipindi cha Penn na Teller kilichoanzia Uingereza mwaka 2011, msanii anafanya mchezo wake mbele ya ukumbi mzima na mbele ya hao mabingwa wawili ambao kazi yao ni kutafuta kafanyaje, sasa hata ukiediti vipi, Penn aliyekaa hapo mbele yako unamwediti na nini?

Chukua na David Copperfield mwaka 1983, alipoipoteza Sanamu ya Uhuru ya New York, dude la mita 93 ukihesabu na msingi wake. Kulikuwa na watu wamekaa kisiwani palepale usiku na wao pia hawakuiona. Kompyuta hakuna hapo. Maelezo yanayotolewa mara nyingi ni kwamba pazia lilipofungwa, jukwaa walilokalia likazungushwa taratibu bila wenyewe kushtuka, pazia likifunguliwa wanaangalia upande mwingine na sanamu imezibwa na mnara ulioshika pazia. Yani sanamu haikuguswa, waliohamishwa ni watazamaji.

Sasa ile nusu nyingine. Mwaka 1997 David Blaine alitoka na kipindi chake cha mtaani kwenye ABC ya Marekani, humo akapaa mbele ya wapita njia wakapiga kelele balaa. Mchezo aliowafanyia wale watu ulikuwepo toka zamani, unainuka sentimita chache, sekunde chache, na wanaoangalia lazima wawe wachache na wasimame upande mmoja nyuma yako, akitokea mtu wa mbele umekwisha. Ila picha iliyorushwa ilimwonyesha kaenda juu zaidi ya hapo, na watu wa fani wameshaeleza sana kwamba kule juu kulipigwa picha kivyake alafu kukaungwa na zile kelele. Kelele ni za kweli kabisa, ila waliopiga kelele hawakuona ulichoona wewe kwenye kochi. Na kwangu mpaka uko hapohapo: kama waliokuwepo waliona ulichoona wewe, hayo ni mazingaombwe hata kama yamerushwa na TV, kama hawakuona hiyo ni filamu na ihesabiwe kama filamu.

Kitu kingine Blaine alichofanya ni kugeuzia kamera watazamaji, ukawa unaona zaidi sura ya mtu anayeshangaa kuliko mkono wa msanii, na klipu za sasa zote zimeiga hapo. Ndo maana watu wanauliza kama wanaoshangaa wamelipwa. Wengine wamepangwa, hilo lipo, hasa huku mitandaoni ambako hamna masharti ya Mark Wilson wala ya nani. Lakini sio wote, maana binadamu akishangaa kweli anafanya vituko ambavyo huwezi kumfundisha, nimemwona mzee wa heshima zake, diakoni, anakimbia akiacha kiatu.

Dhana: kama kweli ni mkali afanye popote

Hapa ndo wanapoumia wasanii wetu. Kamera ni jicho moja, limekaa sehemu moja, na msanii ndiye aliyepanga likae wapi. Ukumbi wa watu mia tatu una macho yamekaa kila mahali, na kila mwenye jicho ana uhuru wa kuangalia anapotaka, hata kule asikotakiwa.

Mwezi wa tisa mahafali ya la saba ndo yanapamba moto na upepo wa Dodoma nao bado haujatulia. Kuna shule moja upande wa Nzuguni walimwita jamaa mmoja wakamweka katikati ya uwanja. Turubai la wazazi huku, la mgeni rasmi kule, wahitimu mbele wamekaa chini, na nyuma yake watoto wa mtaa wamepanda ukuta, wengine juu ya mwarobaini. Kazungukwa pande zote nne. Akakunja leso nyekundu ndani ya ngumi, akapuliza, akafungua mkono, hamna kitu, wazazi wanaanza kupiga makofi, ghafla juu ya ukuta katoto kakapaza sauti, "Mjomba ipo huku nyuma, inachungulia!" Uwanja mzima hoi kwa kucheka. Jamaa hakukasirika, aligeuka taratibu akamwambia, "Haya mpwa wangu, shuka basi uje unisaidie kuificha vizuri," mtoto akashuka kweli na vumbi lake miguuni, na dakika kumi zilizofata ndo zilikuwa tamu kuliko onyesho lote, maana kila leso iliyopotea ilikuja kukutwa kwenye kaptula ya yule mtoto na yeye mwenyewe hajui imeingiaje. Akija kwenye karata sasa, upepo ukapita nazo mpaka kwa wapishi, akaachana nazo.

Watu waliondoka pale wengine wanasema jamaa kaumbuka. Mimi nasema siku ile nimeona kazi. Kwenye TV kile cha ukutani kingekatwa na tusingejua kama kimetokea, na sehemu ya mpwa isingekuwepo kabisa. Anayefanya laivu analipwa kwa ajili ya hicho, kupokea kilichotokea akakifanya chake, kuingia na "Mbukwenyi!", salamu ya Kigogo, bibi zetu wakaitikia kwa vigelegele, kutania mgeni rasmi bila kumvunjia heshima. TV iliyorekodiwa haikujui hata jina.

Lakini kamati nazo zijue. Ukimweka mtu juani saa nane mchana, na nyuma yake hamna hata pazia, umemnyang'anya nusu ya vifaa vyake, kwasababu kuna vitu vinaishi kwenye mwanga fulani na pembe fulani tu. Mpeni ukuta nyuma, zuieni watoto wasipite mgongoni, na michezo mikubwa ya sanduku msiulizie kama bajeti yenu ni ya karata. Kuna mwenyekiti wa kamati aliuliza "unapaa?" kabla hata ya kuuliza bei.

Dhana: mkono wake una spidi kuliko jicho

Sio spidi. Wale wa karata tatu pale stendi wanakula hela za watu mikono ikienda polepole tu, kwasababu macho yako yamekaa sehemu waliyotaka wao, na yule anayeshinda pembeni ni mwenzao. Watafiti wawili, Simons na Chabris, walitoa utafiti mwaka 1999, wakawaambia watu wahesabu pasi za mpira kwenye video, katikati akapita mtu kavaa kisokwe akajipiga kifua, na karibu nusu ya watu hawakumwona. Macho yalikuwa wazi kabisa, akili ndo ilikuwa kwenye pasi.

Dhana: hao ni majini, au Freemason

Tanzania Bara tulichelewa kupata TV, ITV imeanza 1994 wakati Zanzibar walikuwa nayo toka 1973, kwahiyo watu wa umri wangu mazingaombwe tumeyajulia shuleni, anakuja mtu na begi lake, mnachangishwa vihela, mnafungiwa darasani, anakula moto, anatoa uzi mdomoni usioisha. Tulitoka pale tunaamini kabisa ana jini lake kwenye begi. Imani hiyo bado ipo, ila siku hizi imegeuka kichekesho, aliye kwenye TV akipotea tunasema teknolojia, wa Chang'ombe akipoteza shilingi mia tano tunashika pochi, chuma ulete huyo.

Kwenye send-off moja mama mmoja alimsimamisha msanii, "Mwanangu, hizo elfu kumi kumi unazozitoa hewani, mbona unasubiri kulipwa na kamati?" Kijana akajibu, "Mama angu, hiyo elfu kumi ni moja ileile, na nimeiazima kwa MC." Ndo jibu lenyewe lilivyo, ni moja tu inazunguka. Na msanii mwenye akili anasema mapema kwamba huu ni mchezo, kwasababu Sheria ya Uchawi tunayo toka 1928 na kujitangaza kwamba una nguvu hizo ni kosa.

Wapo waliocheza na imani za watu makusudi. Mwaka 1856 serikali ya Ufaransa ilimtuma mtu wao wa mazingaombwe, Robert-Houdin, Algeria akaonyeshe kwamba nguvu za Wafaransa zinawazidi mashehe wa kule, na kwa simulizi yake mwenyewe alimwita mtu mwenye misuli anyanyue kasanduku kadogo, akashindwa, kumbe chini kuna sumaku ya umeme. Umeme wenyewe wengi walikuwa hawajawahi kuusikia. Kwa maoni yangu huo ulikuwa uonevu, mazingaombwe yanataka watu wawili waliokubaliana kwamba mmoja atadanganywa.

Dhana: akiumia ni sehemu ya mchezo

Kuna matukio mawili ya Uingereza huwa nayaweka pamoja. La kwanza ni la 9 Aprili 1956, Sorcar, msanii wa mazingaombwe wa India, alikuwa BBC kwenye kipindi cha Panorama, laivu, akamkata msichana kwa msumeno wa umeme, alafu akamwamsha msichana haamki, mtangazaji akajitokeza mbele akafunga kipindi maana muda umeisha. Simu zikamiminika BBC, watu wanajua wameshuhudia mauaji. Msichana alikuwa mzima, na tiketi za Sorcar London zikagombaniwa. La pili ni la 15 Aprili 1984, Tommy Cooper kwenye ITV, ya kwao sio hii yetu ya Mikocheni. Huyu umaarufu wake ulikuwa michezo inayomwaribikia makusudi, akaanguka jukwaani moyo umesimama, ukumbi ukaendelea kucheka, na mwenyewe ndo alikuwa anakufa hivyo.

Kote kuwili watazamaji walikuwa wamezoeshwa vibaya, na TV ndo imetuzoesha zaidi, kwasababu filamu imetuambia hata Houdini, yule msanii wa kujifungua minyororo, alifia ndani ya tangi la maji wakati alifia hospitali Detroit 31 Oktoba 1926, kidole tumbo kilichopasuka. Aliyekufa kwa mchezo wenyewe ni msanii mwingine, Chung Ling Soo, alipigwa risasi jukwaani London Machi 1918 kwenye mchezo wa kudaka risasi, akafariki kesho yake.

Kwahiyo mimi na wasanii wa moto tuna makubaliano kabla hatujaanza, akigonga maiki mara mbili nakata muziki na nawasha taa zote bila kuuliza. Ukumbini ukiona mtu wa mitambo anakimbia ujue hapo hamna mchezo.

Dhana: nikirekodi nitaikuta siri

Mara nyingine kweli utaikuta, kurudisha nyuma kunasaidia, na ndo maana wengi hawapendi simu. Ila mara nyingi unachokikuta ni kichwa cha mjomba wako aliyekaa mbele, sauti ya spika inakwaruza, picha inatetemeka, alafu unaiposti na watu ambao hawakuwepo wanaandika "kawaida sana", na hiyo ndo inakuwa tangazo la yule kijana mjini. Wakati huohuo wewe mwenyewe umeangalia onyesho kupitia kioo cha inchi sita, yani umelipa mchango wa ukumbi ukaangalia simu.

Jamaa ninayefanya nae kazi sana ana mchezo mmoja ameutenga kwa ajili hiyo. Anasema toeni simu, rekodini, anasubiri mpaka wote wako tayari, anasimama upande ambao taa inampendeza, na mimi napandisha muziki kidogo. Ukiisha anaomba simu zirudi mfukoni, na kamati huwa hazina ubishi kwasababu klipu ya status zimeshapata.