Weva si kutemwa

Jana tena. Kijana ninayeangalia naye hoki ya barafuni ameniambia, kwa uhakika kabisa, kuhusu mshambuliaji Filip Zadina: "Kaka, Zadina alitemwa mara mbili ndani ya wiki moja." Tulikuwa ugenini, nikanyamaza kwa heshima ya mwenye nyumba, lakini neno lile limenikereketa hadi asubuhi. Si yeye peke yake. Kila jina la mchezaji linapotokea kwenye orodha ya weva, sisi mashabiki tunaozungumza Kiswahili tunakimbilia neno moja tu: ametemwa.

Weva ni tangazo. Klabu ya NHL, ligi kuu ya hoki ya barafuni ya Marekani na Kanada, ikitaka kumshusha mchezaji kwenda AHL, ligi iliyo chini yake, haiwezi kumpandisha basi tu na kumpeleka. Kwanza inamtangaza kwa klabu nyingine zote 31, na kwa saa 24 yoyote kati yao inaweza kusema namtaka. Anayemtaka humchukua na mkataba wake kama ulivyo, mshahara uleule, miaka ileile. Wakijitokeza wawili, hupewa aliye chini zaidi kwenye msimamo. Asipojitokeza mtu, husemwa amepita, na hapo klabu yake ina ruhusa ya kumshusha. Chipukizi wana msamaha wa muda, hushushwa bila kutangazwa: aliyesaini akiwa na miaka 18, kwa kawaida msamaha huo humwisha akifikisha mechi 160 au miaka mitano, lolote litakalotangulia. Hiyo ndiyo weva, na maelezo yake hayahitaji zaidi ya hapo. Kinachohitaji muda ni neno lenyewe.

Kitenzi cha Kiingereza kilichozaa weva, waive, kililetwa na Wanormani, na ni ndugu wa damu wa waif, kitu kilichookotwa kisicho na mwenyewe. Katika sheria za kale za Uingereza, mwanamume aliyekimbia mahakama alitangazwa kuwa nje ya sheria, na tangu siku hiyo hakuwa na wa kumtetea. Mwanamke hakuweza kutangazwa hivyo, kwa sababu hakuwahi kuapishwa kuingia ndani ya sheria. Huwezi kumtoa mtu mahali ambapo hukumwingiza. Yeye basi ilisemwa ni waived, sheria imeondoa mkono wake juu yake. Kwa hiyo nakiri, ukichimba hadi chini kabisa utakuta kutupwa. Anayesema "ametemwa" hajakosea kwa mtu wa karne ya kumi na tatu.

Lakini neno halikubaki pale. Wanasheria walilichukua wakaligeuza upande: badala ya sheria kumwachilia mtu, ikawa ni mtu anayeachilia haki yake mwenyewe. Nilikuwa na haki ya kudai, nimeamua sidai. Hii ndiyo maana iliyoingia kwenye michezo, na hapa ndipo tunapoteleza sote. Tunadhani anayeachilia ni klabu ya mchezaji. Sivyo. Klabu yake bado inamshika, bado inamlipa. Wanaoachilia ni wale 31 wengine. Kila mmoja wao ana haki ya kumchukua, na kila mmoja anaambiwa: sema sasa, au haki yako imekwisha.

Kinachonisikitisha ni kwamba jambo hili pwani kwetu lina jina tangu zamani. Waliosoma fikihi wanaliita shufaa, haki ya mshirika kuchukua fungu linalouzwa kabla ya mgeni. Nilikuwa mtoto wakati baba mkubwa alipotaka kuuza fungu lake la shamba la minazi kwa mtu wa nje. Hakwenda moja kwa moja kwa mnunuzi. Alikuja asubuhi, akavua viatu, akakaa barazani, akawauliza wenziwe katika shamba lile mmoja mmoja: "Bei ni hii. Unachukua?" Shangazi alikuwa anapepeta mchele. Hakuinua macho, alisema tu, "Nimekuachia." Baba mkubwa akageukia aliyefuata. Mshirika anayetaka kuchukua huchukua kwa bei ileile aliyokubali mgeni, na akichelewa kudai, haki yake inaporomoka. Bei ileile, na muda mfupi wa kusema. Tofauti ipo, shamba halina moyo wa kuumia na shufaa ni ya mauzo, lakini umbo ni moja. Na hakuna hata mmoja katika nyumba ile aliyesema shamba la baba mkubwa limetemwa.

Kiswahili kimetupa ngazi nzima hapa: kuacha, kuachia, kuachilia. Kuacha ni kuondoka. Kuachia ni kumpisha mwingine. Kuachilia ni kufungua mkono kwenye kitu ulichoweza kukishika. Kutema ni jambo la mdomo, kitu kimeshaonjwa na kimekataliwa. Tuna ngazi yote hii, halafu tunaruka hadi kwenye mate.

Sasa Filip Zadina. Mzaliwa wa Pardubice, Ucheki, mshambuliaji wa pembeni. Msimu wa 2017-18 alifunga mabao 44 katika mechi 57 akiwa na Halifax Mooseheads kwenye ligi ya vijana huko Kanada, na mwaka 2018 Detroit Red Wings wakamchagua wa sita katika uteuzi wa wachezaji chipukizi wa NHL. Alitegemewa kuwa mfungaji. Mabao hayakuja. Msimu wake bora wa Detroit alifunga 10 katika mechi 74. Kiangazi cha 2022 alipewa mkataba wa miaka mitatu, wastani wa dola milioni 1.825 kwa mwaka. Msimu uliofuata akaumia mguu na kukosa mechi nyingi.

Julai 2023, akiwa na miaka 23, na mechi 160 ameshazipita, alitangazwa wevani. Hakuna aliyemchukua. Hilo ndilo tukio la kwanza ambalo kijana wangu analiita kutemwa. Likimaanisha nini? Kwamba Detroit sasa ingeweza kumpeleka Grand Rapids, kwenye timu yake ya AHL, huku mkataba wake ukiendelea. Angebaki na pesa zake. Alikuwa bado na miaka miwili na zaidi ya dola milioni 4.5.

Siku chache baadaye akatangazwa tena, na hii ndiyo "mara ya pili". Ila hii ni weva ya namna nyingine, isiyo na masharti, inayotangulia mkataba kufutwa. Klabu ikitaka kumlipa mchezaji aondoke, na yeye hajafika miaka 26, humlipa theluthi ya kilichobaki. Zadina hakuchukua hata theluthi. Yeye na klabu walikubaliana kuufuta mkataba, na zile milioni nne na nusu akaziacha mezani. Nikifika hapa huwa natulia kidogo. Kijana aliyekuwa anasuasua, asiyejua kama ana nafasi kwenye kikosi chochote, amefungua mkono kwenye pesa zilizokwisha kuwa zake ili apate barafu ya kuchezea. Kisha unasema alitemwa. Wiki ile, katika mambo yote mawili, aliyeachilia kikubwa kuliko wote alikuwa yeye.

San Jose Sharks wakampa mwaka mmoja, dola milioni 1.1. Alicheza mechi 72, akafunga mabao 13 katika timu iliyoburuta mkia wa ligi nzima. Mkataba wa mwaka mmoja kwa mshambuliaji wa umri ule ni mtihani wenye tarehe, kila bao linahesabiwa na kila mechi ya kukaa nje inahesabiwa zaidi.

Kwa hiyo nikikutana na kijana wangu nitamwambia taratibu. Mara ya kwanza, sema ametangazwa wevani, na baada ya saa 24 sema amepita, au hakuchukuliwa. Mara ya pili, sema mkataba umefutwa kwa makubaliano. Na kama neno lake analipenda mno, namruhusu alipeleke Juni 2024. Mchezaji wa umri ule mkataba wake ukiisha, klabu inayotaka kubaki na haki juu yake lazima impe ofa kabla ya tarehe iliyowekwa. San Jose hawakumpa. Haki yao wakaiachia iishe, na Zadina akaenda kucheza HC Davos, Uswisi. Siku ile hakukuwa na weva wala orodha ya saa 24. Walikuwa wamemwonja mwaka mzima. Hapo aseme ametemwa, sitamkatiza.